Ndege ikirudi, nitaipiga

Alima, niko na hasira sana. Siku tatu namuvizia mwewe wa huku Keshero, leo anashuka, napiga, picha inatoka ukungu mutupu!

Nikalalamika kwa sauti: "Ndege ikirudi, nitaipiga tu!"

NITAIPIGA. Ndiyo nilisema hivyo. Mulinzi wa jumba la pembeni akasikia avion, ndege ya kubeba watu! Akaninyang'anya apareyi yangu ya picha.

"Papa, ndege ya manyoya!"

"Kila mutu anasemaka hivyo."

Akaanza kufuta picha zangu zote kwa mukono mumoja. Mukono mwingine umeshika sambaza zake, samaki ndogo za kukaanga.

Alima, mwewe akarudi. Mabawa wazi, karibu na uso wangu, akabeba sambaza.

Mulinzi, apareyi yangu ingali mukononi mwake, ananiuliza: "Sasa mbona haukuipiga?"