Mwamba wa Baba Umo Kitabuni

Kwa mdogo wangu Savarimuthu, huko Muscat,

Pokea salamu za nyumba nzima, na zangu uziweke juu kwa sababu ndizo nzito. Natumaini goti limepona na joto la huko halijakukausha kama dagaa. Sisi wazima. Mama anauliza unakula nini, na jibu lolote utakalotoa hatalikubali.

Kile kitabu kimetoka. Yule mwandishi wa Chennai, bwana Nedumaran, aliyekaa kwetu msimu mzima akila samaki wetu aina ya changu, ametutungia hadithi nzima. Wengine aliwahoji wamesimama. Mimi alinipa kiti. Nani mwingine kijijini hapa amefika Colombo, Kochi na Mumbai, akarudi na meno yake yote? Nusu ya kitabu ni maneno yangu, ingawa jina kaweka lake.

Nimekisoma, kurasa ngumu nikaziruka. Wavuvi wa humo hutazama bahari na kusema maneno mazito kama padri siku ya Ijumaa Kuu. Hakuna anayetania, wala anayetukana injini. Mama amewekwa ufukweni, nywele timtim, analia akimngoja mumewe. Nilimsomea alipotoka mnadani, sauti imemkauka kwa kugombana na wachuuzi. Akauliza huyo mwanamke akishinda analia hivyo, samaki wake anamuuzia nani.

Tungeishia kucheka, ila ukurasa mmoja unataja alama za mwamba wa Baba: ukiwa baharini, mnara wa kanisa uufunike ule mti wa mvumo wenye vichwa viwili, na bomba la moshi la kiwanda likae kulia kwake, hapo ndipo walipo changu. Vijana wa kijiji jirani wakasoma, wakaonekana na mashua zao wakipatafuta. Unajua kwetu alama za mwamba hazitajwi mbele ya mgeni. Baba humpa mwanawe wakiwa majini, basi. Ndiyo maana mzee wetu hataki ile mashine ya satelaiti inayohifadhi mahali pa kuvulia. Anasema ina mdomo.

Kamati ya wavuvi ikakaa kwenye banda la mnada. Mwalimu Arockiam akausoma ule ukurasa kwa sauti. Mzee Lourdu, mwenyekiti, akaniambia, "Wewe Susai, ungekuwa na mkia ungeutingisha kwa kila mwenye kalamu." Wakaamua mashua yetu isiingie majini mpaka sikukuu ya parokia ipite. Baba, mwenye mwamba wake, hakusema neno. Mama ndiye aliyewauliza kama kamati itakuwa inakuja kumpikia.

Sasa, mdogo wangu, umekua ukidhani kaka yako anajua kila kitu kilicho chini ya maji. Alama zile nilizibuni. Baba hakuwahi kunionyesha mwamba. Kila tukiukaribia alinipa kopo, akaniambia nitoe maji yaliyoingia mashuani, na mtu anayechota maji chini haoni nchi kavu. Bwana Nedumaran aliponiuliza, ningemjibu nini? Kwamba mimi, mtoto mkubwa wa Kurusumuthu, sijui? Nikamtungia.

Nilivumilia kuiona mashua juu ya mchanga, kisha Mama akaanza kununua samaki wa watu ili apate wa kuuza. Hapo nikarudi kwenye kamati na kusema yote. Walicheka mpaka mzee Lourdu akashikilia nguzo. Wakamgeukia Baba, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, sijui. Marufuku ikaondolewa. Siku hizi naitwa Mwandishi, hata na watoto.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza Baba mbona alinyamaza ukurasa uliposomwa, ilhali tangu mstari wa kwanza alijua ni uongo.

Akasema, "Ningesema ni uongo, wangejua sikukufundisha."

Kesho yake tukatoka. Tulipokaribia, maji yalikuwa yamejaa kiasi mashuani, nikainama nichukue kopo. Baba akaliweka chini ya miguu yake.

"Acha hayo. Geuka uangalie pwani."

Nikageuka. Alinionyesha pwani kwa kidole mara mbili, na mimi, utashangaa, sikusema kitu.

Niliyoyaona sikuandikii. Usinune. Ukitaka kuyajua, njoo likizo, upande mashua, umwombe Baba mwenyewe.

Mama anasema ule vizuri. Baba hajasema kitu, lakini amesimama hapa mlangoni anangoja niifunge bahasha.

Ni mimi kaka yako,
Susai