Mstari Ambao Sikuufuta

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Tasnifu nimemaliza kuiandika; sasa naipanga kurasa kwa programu ileile niliyoitumia kuandika, yenye kiburi kweli: ukisogeza picha moja, tatu nyingine zinahama nyumba.

Ina alama moja ya ajabu. Ukiiweka mwanzo wa mstari, mstari haufutiki, ila hauchapwi. Mwaka jana ulipooa tena, mama hata miezi mitatu hajamaliza kaburini, niliiweka kwenye ukurasa wa tabaruku, mbele ya maneno "Kwa baba, aliyenifundisha kushika kalamu." Ukurasani akabaki mama peke yake.

Leo asubuhi nimeiondoa. Maneno yalikuwa palepale, baba.

Nisalimie mkeo. Yaani, nisalimie mama mdogo.

Kitinda mimba wako