Salongo ya Ijumaa haifutwi, Papa

Papa,

Ungekuwa bado hai, simu yangu ingelia Jumamosi iliyopita kabla sijafika hata kituo cha metro. Ungeniuliza ni kweli wanayosema watu, kwamba nimewageuza watoto wa wenzangu kuwa wafagizi. Wazazi wa Anderlecht, mtaa wetu hapa Bruxelles, hawajui kunong'ona, habari ingekuwa imeshakufikia. Sasa huwezi kupiga simu, kwa hiyo ninakuandikia mimi, tena hadharani, kwa sababu nawe uliponipinga ulinipinga mbele ya watu.

Nianze na siku ile ya koti la kahawia. Unaikumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na minne, na walimu wangu walikuwa wamekaa kikao wakaamua kwamba sekondari ya kawaida hainifai, niende nikajifunze ushonaji. Ulivaa koti, ukafunga tai, ukaja shuleni bila kuitwa. Ulizungumza Kifaransa chako cha ualimu wa Uvira, kule Kongo, kilichonyooka kuliko cha kwao, ukawaambia mtoto wako atabaki na vitabu vyake. Niliona haya, nikatamani sakafu inimeze, initeme upande wa pili. Kwenye tram ukanigeukia ukasema, "Banatupimaka na macho, mwana. Weye soma tu."

Shule yetu, ambayo leo mimi ni mkurugenzi wake, ilizaliwa kwenye tram ile, ingawa wewe hukujua na mimi sikujua. Ni shule ndogo, ghorofa mbili juu ya ghala la zamani, mvua ikinyesha hatusikiani. Watoto wengi waliopo kwetu walishapimwa kwa macho mahali pengine. Kwetu, wakifika miaka kumi na sita, wanaanza masomo ya chuo kabla hawajamaliza sekondari. Asubuhi wanapanda metro, kisha tram mpaka chuoni, karibu na Flagey, wanakaa darasani pamoja na watu wazima, wanafanya mitihani ileile. Mchana wanarudi kwetu.

Mwaka wa kwanza nilidhani kazi ngumu ni kuwaingiza chuoni. Kumbe kazi ngumu ni kuwarudisha. Shule inayopeleka watoto chuoni mapema ina hatari yake: wanaondoka kabla hawajaondoka. Walikuwa wanarudi kimya, wamechoka, wameumizwa na mambo wasiyoyasema, na uchungu wao wakawamalizia wadogo. Siku moja nikamsikia kijana mrefu wa mwaka wa tano wa sekondari akitupa ganda la ndizi kwenye korido, akamwambia mtoto wa mwaka wa kwanza, "Okota. Miye ni étudiant, niko nasoma chuo."

Papa, nilipandisha mori. Nilichukua ufagio, nikampa yeye ndoo, nikasema leo hakuna anayekwenda nyumbani mpaka jengo hili ling'ae, na mimi nitaanza na vyoo. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sikusoma popote, sikutumwa na mtaalamu yeyote. Toka siku hiyo, kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho tunasafisha wote, walimu, mhasibu, mpishi, na sheria ni moja tu: wanaosoma chuoni wanakuja vyooni pamoja na mimi.

Na huko ndiko mambo yalikofunguka. Mtu akiwa ameinama anasugua hakutazami usoni, basi anasema. Walianza kuwasimulia wadogo waliotuletea maji jinsi ukumbi wa chuo ulivyo, jinsi profesa anavyozungumza kana kwamba anakimbizwa, jinsi ya kuuliza swali bila sauti kutetemeka. Yupo msichana wetu anaitwa Aisha, wazazi wake ni wa Bujumbura. Alifeli mtihani wa kemia wa chuo, akaficha nyumbani, akaficha darasani. Ijumaa moja, vyoo vimekwisha, akiwa na tambara kwenye ngazi akalia, akamwambia mwenzake aliyekuwa anakamua tambara la pili. Jumatatu iliyofuata walikuwa wamekaa wanne kwenye meza moja wanafundishana kemia, na sikuwa nimewaagiza. Alirudia mtihani, akafaulu. Watu wanaponiuliza utamaduni wa shule unajengwaje, ninakosa la kuwajibu zaidi ya ngazi zile.

Jina la kazi hii sikulitunga mimi, na hili naomba ulisikie vizuri. Mtoto mmoja wa watu wa Goma alilisikia kwao, akapiga kelele na mopu juu, "Madame, si tunafanya salongo!" Tukacheka, likabaki. Leo watoto wa Kimoroko wanasema salongo, watoto wa Kipolandi wanasema salongo, hawajui limetoka wapi.

Wewe ulijua. Ulikuja shuleni mara ile moja tu, ukiwa umeshaanza kukonda, na kofia yako mkononi. Ulikuwa unafurahi, ulisoma hata matangazo ya ukutani. Halafu ukawaona na ndoo zao, ukalisikia neno, uso wako ukabadilika. "Nani anabafundisha iyo neno?" ulisema mbele ya wanafunzi wangu. "Iyo jina muitoshe. Muitoshe leo!" Ulitaka tulifute. Mimi nikaomba radhi kwa niaba ya shule nzima, nikakushika mkono tukashuka.

Usiku huo nyumbani ndipo uliponisimulia kwa mara ya kwanza. Enzi za Zaire, kila Jumamosi, salongo: kazi ya umma ya lazima. Mwalimu uliyeheshimiwa uliacha kusahihisha daftari za wanafunzi ukaenda kufyeka nyasi za barabarani, na asiyefika alikamatwa. Chef wa mtaa, yaani kiongozi wake, alisimama kivulini, mikono nyuma. Siku moja alikuonyesha mfereji kwa ncha ya kiatu, ukaingia, na wanafunzi wako walikuwa wanapita. "Weye ulishaona mwalimu ndani ya mufereji?" uliniuliza. Ulikufa kabla hatujamaliza ubishi ule, ukaniachia neno la mwisho, na miezi yote hii nimelibeba bila kulitumia.

Sasa nalitumia, kwa sababu Jumamosi iliyopita maneno yako yalisimama tena mbele yangu, safari hii kwa mdomo wa mtu mwingine. Tulikuwa na mkutano wa wazazi. Papa Bahati, baba wa mapacha wanaosoma kwetu, dereva wa basi, alivua kofia akasimama.

"Bon, Madame la directrice, niko nakuheshimu. Batoto yangu banasoma muzuri, siwezi kataa. Lakini salongo? Miye baba yangu alikufa na iyo salongo mu mugongo. Alors, nikimbie vita, nivuke dunia, juu mutoto yangu akuje kufanya salongo hapa Bruxelles? Non!"

Wakampigia makofi. Nilitaka kupiga na mimi, Papa. Niliona koti la kahawia.

Aisha alikuwa pale anamtafsiria mama yake. Akainua mkono. "Samahani, tonton. Chef aliyesimamia salongo huko, yeye alikuwa anafagia wapi?"

Papa Bahati akamkodolea macho. "Chef? Chef afagie?" Akaanza kucheka, na ukumbi ukacheka naye, kicheko cha watu wanaowajua machef wote wa dunia.

"Directrice wetu anaosha vyoo," Aisha akasema. "Kila Ijumaa. Tunaosha naye."

Papa Bahati alikaa polepole. Hakuridhika. Alisema, "Jina njo inaniumiza," na nilimwamini.

Lakini aliyeniumiza mimi alikuwa mwenyekiti wa bodi yetu, mtu mpole, anayevaa skafu hata ukumbini. Hakuzungumzia machungu ya mtu yeyote. Alisema shule inayoandaa watoto kwa ajili ya chuo haiwezi kuonekana ikiwafundisha kufagia. Je, mtu akipiga picha, watoto weusi na mafagio, tutajieleza vipi? Kuanzia Ijumaa hii itakuja kampuni ya usafi, salongo iishe, na kama mimi siwezi kulikubali hilo, watatafuta mkurugenzi anayeweza.

Picha! Papa, wale wale wa kupima kwa macho, wamerudi tena na tabasamu. Kampuni ikija, watakaofagia watakuwa mama za watoto hawa, unajua hivyo na yeye anajua. Ufagio mkononi mwa mama haumsumbui, hakuna anayempiga picha. Nilimjibu hapana. Nilisema kwa Kifaransa, nikarudia kwa Kiswahili ili Papa Bahati naye asikie: hapana, haiishi. Na kazi hii ndiyo inayolipa nyumba ninayolala. Wakanikumbusha wenzangu kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Sawa, nitaisubiri Idi.

Na wewe pia nakuambia hapana. Najua nakuambia hivyo huku huwezi kunijibu, na ninaumia. Sitalitoa jina. Hukuwahi kuuchukia ufagio, Papa. Ulimchukia mtu aliyesimama kivulini. Watawala wa enzi ile walichukua neno la watu kufanya kazi pamoja, wakaligeuza kiboko, wakakuchapa nalo mbele ya wanafunzi wako. Nikilifuta, chef yule atakuwa ameshinda mara mbili. Nataka kuwe na mahali pamoja duniani, hata kama ni juu ya ghala linalovuja, ambapo mtoto akisikia salongo anakumbuka mtu aliyemsikiliza kwenye ngazi. Papa Bahati nimemwomba aje aone. Amesema atafikiria. Labda haji.

Nimekukosa sana wiki hii. Hakuna mtu ninayetamani kugombana naye kuliko wewe.

Kesho ni Ijumaa. Watu wa kampuni wameambiwa wafike kengele ya mwisho ikilia, na mwenyekiti atakuja nao kuhakikisha. Sijawaambia wanafunzi waje wala wasije. Mimi nitakuwa vyooni, ghorofa ya chini, nimepiga magoti, glavu mikononi. Anayetaka kunifukuza itabidi ainame ili tuonane.

Pumzika, Papa. Kwa hili hatutakubaliana, na bado nakupenda vilevile.

Binti yako wa kwanza,
mwalimu kama wewe