Ningu Sita wa Nyegezi

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Nimefika kwenye nyumba ya samaki saa moja. Nimesugua vioo vya matangi, nimelisha. Ningu wote sita wazima. Wageni wawili tu, walimu wa Butimba. Mama anakuja Jumamosi kutoka Magu kuwaona ningu. Mtoni kwao wametoweka. Macho yake yanafifia, hataki tena kungoja.

Jumatano, 5 Oktoba
Mgao wa umeme umezidi. Kutwa nzima pampu za hewa zimezima. Ningu wamepanda juu, vinywa wazi. Meneja anasema hakuna dizeli ya jenereta. Jengo limepata mnunuzi, anataka ghala la minofu ya sangara. Samaki hawamo kwenye mkataba. Alisema hivyo hivyo: hawamo.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimechota maji ziwani kwa ndoo, nikiyamwaga kutoka juu yaingize hewa. Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi. Mabega yanawaka moto. Ningu wawili wamekufa. Nimelia mbele ya mlinzi. Sikujali.

Ijumaa, 7 Oktoba
Umeme haujarudi. Nimemwomba meneja niwaachie ziwani wanne waliobaki. Kakataa. Ni mali ya serikali mpaka siku ya makabidhiano. Ziwa liko hatua mia kutoka mlangoni. Ningeweza kuwaiba. Niliogopa kufukuzwa kazi, kazi yenyewe inakwisha mwezi huu. Mpinzani wangu ni woga wangu tu. Saa kumi na moja hakubaki hata mmoja.

Jumamosi, 8 Oktoba
Sikuwa na namna ya kumzuia mama. Kafika saa tano, kajifunga kitenge kipya.
"Shikamoo, mayu."
"Marahaba, mwanangu. Wako wapi?"
Nikamwonyesha tangi. Maji matupu. Nikamweleza yote, na woga wangu pia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Akaweka kiganja kwenye kioo. "Tulipokuwa wasichana," akasema, "walipanda mto Simiyu wengi mpaka maji yanapiga kelele. Usiku hulali."
Kwenye tangi la pembeni, kamongo alipanda, akavuta hewa, akashuka. Yeye hahitaji pampu. Nilimchukia. Mama hakumtazama.

Jumapili, 9 Oktoba
Nimemsindikiza mama stendi. Amenishika mkono dirishani mpaka basi lilipoanza kutembea. Nimerudi nyumbani Mkuyuni, nimefua, nimekula ugali wa jana. Kesho nimeagizwa kumwaga maji ya matangi yote.