Ng'ombe wa Baba Ubaoni

Sakina, Arusha
3 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mama, yeyo wangu, na goti lake limepata nafuu. Huku sisi ni wazima, tunakula vumbi la magari ya Namanga kama kawaida. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani ikipokelewa inawekwa sauti kubwa na boma zima linasikia, na habari hii nataka uisome peke yako kwanza. Nimempa Elisaria barua alipoleta maziwa kutoka huko asubuhi.

Baba, nimechaguliwa! Ule mtihani wa elimu ya fedha tuliofanya walimu wa kata nzima, mimi ndiye niliyeongoza. Sasa nawafundisha walimu wenzangu na wananchi kupanga mapato na matumizi, kuweka akiba, na kuuelewa mkopo kabla ya kuweka sahihi. Wiki iliyopita nilianza na walimu arobaini hapa mjini. Walikuwa wanasinzia, mimi nasoma kitabu tu. Nikafunga kitabu, nikachora boma lako ubaoni na kuandika: Mzee Loishiye wa Oldonyo Sambu, ng'ombe thelathini na mmoja. Tukapiga hesabu ya dawa, ya majani, na wangapi wa kuuza kabla ya kiangazi. Hakuna aliyesinzia tena! Umekuwa maarufu, Baba.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 24 Mei natakiwa kufundisha huko kwetu, kwenye ukumbi wa kanisa. Wasipofika watu hamsini, kijiji kinafutwa kwenye ratiba na mimi narudi kusahihisha madaftari ya darasa la tatu. Lakini sina wasiwasi. Wewe ni mzee wa kanisa, ukisimama baada ya ibada ukatangaza, hamsini watakosa viti.

Msalimie sana yeyo.

Mwanao,
Simaloi


Oldonyo Sambu
19 Februari 2025

Mwanangu Simaloi,

Takwenya. Sisi ni wazima. Goti la mama yako linauma asubuhi, mchana linasahau. Mvua bado.

Habari yako niliipata kabla ya barua. Mwalimu Solomoni wa shule ya huku chini alikuwa miongoni mwa hao arobaini. Tulipokutana mnadani alinisalimia kwa sauti, mbele ya watu, "Shikamoo mzee wa thelathini na mmoja!" Sasa vijana wote wananiita Thelathini na Moja. Nilikuwa nimepeleka dume mmoja. Mnunuzi akaniambia, mzee, una thelathini na mmoja, kwa huyu mmoja unanibania nini? Nikarudi naye nyumbani.

Tangu siku hiyo wamekuja ndugu wanne kuomba. Nilikuwa nawaambia sina kitu, na wao walikuwa wanakubali kwa adabu, kila mtu anakwenda zake. Leo nikisema sina, naonekana mwongo na mchoyo.

Wewe umezaliwa kwenye boma hili. Unajua mtu hahesabu ng'ombe wa mtu, huleta mkosi. Mimi mwenyewe sijawahi kuwahesabu kwa mdomo. Jioni nasimama langoni, wanaingia, na asiyekuwepo namjua kwa rangi yake.

Juzi mtamba mwekundu amekufa. Sisemi ni wewe. Nasema hesabu ya ubaoni imekosea, ukairekebishe.

Hilo la kutangaza kanisani sitalifanya.

Baba yako,
Loishiye


Sakina
23 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mtamba. Huku tu wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu na kusema kweli nimekasirika. Sikukutukana. Nilikuonyesha mbele ya watu kama mtu mwenye mali, wengine wangependa baba zao waonekane hivyo. Na mtamba amekufa kwa ugonjwa, hakuuawa na chaki.

Kwa kuwa tumeshaanza kusema, wacha niseme. Ukame wa mwaka 2022 ulizika kumi na mmoja. Nilikuwepo, niliwaona wakiburutwa. Kama ungeuza watano Januari ile, wakati bado wana nyama, ungenunua majani ya kuwatosha waliobaki. Adabu ya kutohesabu haikuwalisha hata mmoja. Hilo ndilo ninalofundisha, na watu wa huko ndio wanaolihitaji kuliko hao walimu wa mjini.

Tarehe 24 Mei iko palepale. Tafadhali tangaza.

Mwanao,
Simaloi


Sakina
27 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo Baba. Nakuomba uipokee shikamoo hii hata kama hutaki kujibu barua. Hamjambo huko? Elisaria ananiambia mvua imenyesha na majani yapo. Amesema pia goti la yeyo sasa lina fimbo, na kwamba kila asubuhi anakuuliza kama una barua ya kunipa, nawe unatikisa kichwa. Miezi miwili, Baba. Hata nilipokwenda chuoni Patandi hukuwahi kunyamaza hivi.

Nina jambo ambalo halijui mtu yeyote. Nalisema kwako kwanza.

Unakumbuka harusi ya rafiki yangu Lilian, mwaka jana mwanzoni? Niliwekwa kwenye kamati, na kwenye kikao cha kwanza kila mtu alitaja ahadi yake. Mwenzangu akasema laki tatu. Nikasema laki tano, mdomo tu ulijisemea. Halafu sare, halafu zawadi. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja Kaloleni, hawa wanaoitwa kausha damu, nikachukua laki nane. Dhamana yake ni kadi ya benki na namba ya siri. Walimu wengi tunafanya hivyo. Mshahara ukiingia, anakwenda kwenye mashine mwenyewe, anachukua riba yake laki mbili na arobaini, na kinachobaki ananipa kwenye bahasha kama mtoto anayetumwa dukani. Miezi kumi na minne sasa. Nimemlipa zaidi ya milioni tatu na laki tatu, na laki nane yake bado imesimama vilevile.

Mimi ndiye niliyeongoza mtihani, Baba. Nasimama mbele ya walimu nasema uelewe mkopo, na kadi yangu iko kwenye droo ya mtu.

Nilikuwa natafuta mfano wa ubaoni. Mfano mzuri kuliko wote nilikuwa nao kwenye mkoba wangu, nikaona haya, nikachukua wa kwako. Nilihesabu vya kwako kwa sababu vya kwangu sikuweza kuvitazama. Mwalimu mwenzangu angetaja salio la mtu benki mbele ya darasa, mimi ningekuwa wa kwanza kumkemea. Wewe nilikutajia salio lako mbele ya watu arobaini, kisha nikakuhesabia na waliokufa. Nisamehe.

Usiuze ng'ombe kwa ajili yangu. Nimeomba mkopo kwenye SACCOS ya walimu, wadhamini wawili wameshasaini. Nitamlipa yule laki nane yake mara moja mbele ya mjumbe, nichukue kadi yangu, kisha SACCOS nitawalipa elfu sabini na tano kwa mwezi, mwaka mmoja. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi na inakubali.

Kuhusu tarehe 24, fanya utakavyoona. Nitakuja hata wakifika watatu.

Mwanao anayekupenda,
Simaloi


Oldonyo Sambu
5 Mei 2025

Mwanangu,

Takwenya. Wote wazima.

Kuuza ng'ombe kwa ajili yako sikuwa na mpango huo. Deni lako ni lako, na unavyolilipa nimekuelewa.

Barua yako ya mwisho sikumsomea mama yako. Utamsomea mwenyewe ukija, ni mama yako, hatakula nyama yako.

Ile ya Februari ilinikasirisha sana. Nilikaa nayo miezi miwili nikitafuta uongo ndani yake, nikakosa. Wale kumi na mmoja nilijua mwezi mzima kabla kwamba hawatavuka. Kila mnada nilisema wiki ijayo, kwa sababu mtu akiuza wengi kwa mpigo wenzake wanasema amefilisika. Niliogopa maneno ya watu, kama wewe kwenye kamati yako.

Nitatangaza. Ila siku hiyo utaanza na ya kwako, yote, hadi bahasha. Ubaoni usiandike jina la mtu mwingine yeyote. Mimi nitakaa kiti cha mbele.

Baba yako,
Loishiye


Oldonyo Sambu
15 Juni 2025

Mwanangu Simaloi,

Takwenya. Sisi ni wazima, mama yako anatembea bila fimbo na anataka watu wamwone. Nimefurahi kusikia kwa Elisaria kwamba kadi unayo mkononi.

Uliondoka haraka siku ile, kwa hiyo hukusikia watu walivyosema baadaye. Mchungaji alihesabu themanini na sita. Kuhesabu watu nako si kuzuri, lakini yeye ni Mmeru, nimemsamehe. Uliposema kuhusu bahasha, niliona watu wakishika mikoba yao. Halafu yule Solomoni akasimama akasema na kadi yake iko kwa mtu, mwaka wa pili. Yeye, aliyenipa jina! Nilitaka kucheka, nikaona machozi yake, nikaacha. Jumatano alikuja hapa bomani, akaniita baba, akaomba umwelekeze kwenye hiyo SACCOS. Nimemwambia utamwelekeza. Kuna walimu wengine watatu, majina yao hawajayasema na mimi sijauliza.

Mzee Aminiel amenifuata mara mbili kuuliza binti yangu atarudi lini. Nimejibu kwamba mwalimu ana ratiba. Nilijisikia vizuri sana kusema hivyo.

Majani yameanza kukauka huku chini mapema kuliko mwaka jana. Nilisimama langoni jioni tatu mfululizo nikiwatazama wakiingia, mama yako pembeni, tukakubaliana. Mnada uliofuata nilikwenda na vijana wawili wa kuswaga. Watu walitazama, wakasema waliyosema. Fedha tumeziweka benki, nyingine nimenunulia majani, na kadi anayo mama yako.

Nimeuza, Simaloi. Usiniulize wangapi.

Baba yako,
Loishiye