Disque za Marehemu mu Mufuko ya Unga

Mpendwa Mama Godelieve wa mashauri, naomba unisaidie mbele ya kufanya bubaya, juu ya vile mu hii nyumba siamini tena mutu, ata ule ananiletea chai.

Mi ni mujane wa Tshimanga, ule alikuwa na studio ya foto na video hapa Musonoi, na kama uliolewa ama ulilia kilio upande huu, uso yako iko mu ordinateur, kompyuta yake, ile kubwa ya studio yenye ilikufa siku courant ya umeme ilirudi na nguvu tukasikia harufu ya kuungua, lakini fundi Dodo akaifungua akasema mama, mashini imekufa, disque zake za ndani, zenye zinachunga foto na video, ziko bazima, na mu moja ya zile disque njo kuko video ya siku balitoa dot yangu, mahari, kule Kasaji, siku shemeki yangu Edouard, mudogo wa bwana yangu, alipiga magoti mbele ya baba yangu akamupa jembe na mufuko ya chumvi na mbuzi ku kamba yake, na njo maana nakuandikia, juu hatukuandikisha ndoa ku commune, kwa serikali, tulisema tutaenda, tutaenda, na kifo ikatangulia.

Sasa familia ya bwana yangu inasema sikuolewa, eti nilikuwa mutu wa kukaa naye tu, nitoke mu nyumba. Edouard hajashika upande wao wala wangu. Lakini juzi akafika na ordinateur portable mupya, ile ndogo ya kubeba, akaiweka pa meza, akasema na heshima, kama ku dada mukubwa, "Yaya, hii ni yako na batoto. Leta zile disque nipeleke kwa mutu wangu ku ville, mujini, atahamisha bitu yote humu, za zamani tutatupa."

Tutatupa! Tangu lini shemeki ananunulia mujane ordinateur? Nani alimutuma? Na kwa nini mutu wake, kwa nini si Dodo mwenye tunajua? Nikamwambia disque zilipotea, akaniangalia sana, akauliza, "Zilipotea namna gani?" Mutu asiye na kitu mu roho anauliza vile?

Alipoenda nikazifukia mu mufuko ya unga ya bukari, ule ugali wetu, chini kabisa. Kisha nikatoa moja, nikaenda nayo kwa Dodo pamoja na ile ordinateur mupya, tukaunganisha na kamba, na pa kioo ya ordinateur ikaandika ya kama disque lazima iformatiwe mbele ya kutumika. Maana yake ifutwe! Na Dodo anauliza, "Mama, tubonyeze Oui, tukubali?" Yesu wangu! Huyu pia? Nikang'oa kamba, nikatoka bila kuaga. Edouard alishamufikia? Ama hii ordinateur yenyewe aliitega? Mutoto yangu Gloire anasema mama unaanza kuwa kichaa, na mi naanza kumuangalia na yeye. Nifanye nini, ile siku yangu isifutike?

Mama Gloire, Musonoi, Kolwezi

Jibu ya Mama Godelieve: Mama Gloire, pole. Pole sana. Mwenye amezika bwana, na palepale bakaanza kumuonyesha mulango, ana haki ya kuogopa.

Lakini unga? Unga, mama? Disque iko na katundu kadogo ka kupumulia, na weye umeizika mu bukari! Zitoe leo. Panguza na kitambaa kikavu, usipulize na kinywa, usiguse na maji. Unamushuku Edouard, unamushuku Dodo, unamushuku mutoto ulizaa, na mwenye alitia unga ku ushahidi ni weye.

Ordinateur haikutegwa. Inauliza vile kila mara yenye haisomi disque muzuri: kamba mubaya, courant kidogo, ama disque imeanza kugonjwa. Unajibu Non, hapana, kila mara Non. Dodo alikosa kwa haraka yake, lakini aliuliza. Mwizi hangekuuliza. Rudi kwake, umuombe radhi.

Disque ya studio ni kubwa, haiingii mu portable. Dodo aitie mu boîtier, sanduku ndogo ya disque yenye kamba yake ya courant, fasi kuko batterie, juu courant ya Kolwezi munaijua, inakatika-katika. Moja kwanza, ingine ibaki mu kitambaa. Museme copier, kunakili, musiseme couper, kukata na kuhamisha. Muanze na video ya dot, harusi za benzenu zingoje. Fungua nakala, itazame mpaka mwisho, sikiliza kama sauti iko. Fanya nakala ya pili, uipe mutu asiyelala mu nyumba yenu. Za zamani hazitupwi, ata Edouard aseme nini. Na kama disque inagonga-gonga ndani, zima, musijaribu tena, itafutie mufundi wa kazi hiyo Lubumbashi.

Ku "mutu wangu wa ville" ulikataa, na ulifanya muzuri. Disque ya marehemu haitoki bila weye kukaa kando yake.

Na woga ilikufunga macho. Ile video iko na batu ndani! Kama baba yako angali muzima, yuko Kasaji, na benye balifunga ile mbuzi bako naye. Baite basimame na weye mbele ya avocat, mwanasheria, ata kama disque itakufa kesho.

Edouard mi simujui. Pengine anaogopa bakubwa wa familia, pengine anatafuta tu sauti ya kaka yake, pengine ni mubaya kabisa. Ukiwa na nakala zako mbili, muite. Pika bukari, na unga ingine, tafazali. Batoto bakae hapo. Weka video, na ikifika pa kupiga magoti, usiangalie kioo, angalia uso yake. Kama analia, mupe maji, na kesho aende na weye kwa avocat kusema mwenyewe kile alifanya siku ile. Kama anaanza kutafuta viatu yake, mushukuru kwa ordinateur, umusindikize mpaka ku mulango, na ufunge.