Nimeificha Fomu ya Mtoto ili Mume Wangu Aje

Kwako mshauri, nakuomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maana nimesema uongo na uongo huo unakaribia kumfukuzisha mume wangu kazi.

Tunakaa Nakuru, katika nyumba za kampuni ya kusaga unga, ambayo zahanati yake hutibu mke na watoto wa mfanyakazi mradi majina yao yameandikwa kwenye kadi yake, lakini mume wangu Hezekiah alihamishiwa tawi la Kisumu nikiwa na mimba ya miezi mitano, na sasa binti yetu Chepkosgei ana miezi minne na baba yake hajamwona. Karani wa zahanati alinipa fomu ya kumwongeza mtoto, akanieleza kwamba baba anaweza kutia sahihi huko huko aliko na kuirudisha kwa posta, nami nikaikunja nikaificha, nikamwandikia Hezekiah kwamba sharti aje mwenyewe.

Barua zake huuliza habari za mvua na mahindi yetu ya Rongai, haziniulizi mimi, na mimi niliyesifiwa shuleni kwa insha sijaweza kumwandikia kwamba nina hamu naye. Mtoto hukunja uso kabla ya kupiga chafya kama yeye kabisa, nami humtazama peke yangu na kuona vibaya, kana kwamba nakula chakula cha mtu mwingine. Jirani yangu Mama Akoth hunitania, "Huyo bwana wako ana hakika nyumba yake iko upande huu?" nami hucheka naye, kisha naingia ndani.

Wiki mbili zilizopita mtoto alishikwa na homa, dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, akampa dawa kwa huruma tu, akasema mara nyingine hatamtibu bila jina kwenye kadi. Nilimwandikia Hezekiah. Alikuwa ameomba ruhusa mara mbili akanyimwa, na sasa amejibu: "Mwisho wa mwezi nakuja, wakinifuta wanifute. Kazi zipo nyingine, mtoto wangu ni huyo mmoja."

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, kwa furaha inayonitisha. Je, nimwambie ukweli asije, au ninyamaze nimwone?

Mwenye Hamu, Nakuru

Mama Chepkosgei,

Pole. Miezi minane si mchezo. Lakini umemfanya mtoto mchanga chambo cha kumvutia baba yake, na kwa hilo nakulaumu. Hezekiah akifutwa, kadi inakwenda naye, na nyumba pia. Huenda anakuja kwa ajili yako vilevile, lakini wewe ulimpa sababu ya fomu tu, basi hiyo ndiyo aliyoijibu.

Leo hii nenda posta umpelekee simu ya maandishi: "Usitoke kazini. Nakuja na mtoto." Treni ya Kisumu inapita hapo kwenu, na mwanamke hakatazwi kuipanda. Kabla ya safari mpeleke mtoto hospitali ya serikali akapimwe, hata kama foleni itakuchukua mchana kutwa. Fomu itiwe sahihi siku utakayofika na itumwe kesho yake, ili jina liwe limeandikwa kabla hujarudi.

Na ukishuka kwenye treni, usimpe mtoto kwanza. Mwambie uongo wako ukiwa bado umembeba. Akimpokea binti yake atakusamehe haraka mno, nawe utarudi Nakuru hujui kama alikusikia.